Zawadi ya Bei Ndogo kwa Mzee: Tuchague Nini?

Somo la kusoma na kujadiliana kikundini

 

Siku hizi vikundi vingi huandaa chakula cha pamoja kwa wazee wa kijiji. Wengine hufanya Jumapili ya nne ya mwezi wa Julai, ile Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee ambayo Baba Mtakatifu Fransisko aliianzisha mwaka 2021. Wengine hungoja tarehe 1 Oktoba, siku ya wazee duniani, ambayo Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 1990. Na wengine hawana tarehe, wakishavuna mahindi na kuuza ndizi kidogo wanaita wazee. Yote ni mazuri.

Lakini tumeona jambo moja tukizunguka parokiani. Kamati hukaa wiki tatu ikizungumza habari ya mbuzi, mchele, hema na viti. Zawadi hukumbukwa Ijumaa jioni. Mweka hazina anakimbia Keroka au Daraja Mbili na zile pesa zilizobaki, ananunua vikombe thelathini vya plastiki vya rangi moja, na Jumapili kila mzee anarudi nyumbani na kikombe. Mzee anashukuru, maanake mzee wetu hawezi kukosa kushukuru mbele ya watu. Ukipita kwake baada ya mwezi mmoja utakuta kikombe kile ndicho cha kuwekea kuku maji.

Somo hili ni juu ya zawadi tu. Mambo ya chakula tunayaacha, isipokuwa neno moja: kama wageni wenu ni wazee, msiwaite usiku. Huku kwetu mvua hupenda kunyesha alasiri, njia ni za mteremko na udongo mwekundu, na mzee akiteleza akavunjika nyonga, karamu yenu imemletea kitanda cha hospitali. Waleni saa sita mchana, wazee wafike nyumbani wakiona njia.

Pesa kwanza

Mtu akisema kikundi chake ni maskini hakiwezi kununua zawadi, sisi humwuliza habari ya matanga. Mzee akifariki, kwa wiki moja tu zinapatikana pesa za jeneza, za gari, za hema, za vipaza sauti na za ng'ombe. Watoto wanatoka Nairobi na Nakuru. Na mzee yule yule, alipokuwa hai, alikuwa akituma mjukuu kwa jirani kuomba chumvi. Kwa hivyo kuchanga tunajua sana. Ni saa ya kuchanga ndiyo tumekosea.

Hebu tufanye hesabu. Kikundi cha watu 20, kila mmoja akitoa shilingi 10 kwa wiki, kuanzia baada ya Pasaka, kwa wiki 15 wamepata shilingi 3,000. Kama wazee ni 15, kila mmoja ana shilingi 200. Hiyo si pesa nyingi, lakini si bure. Mweka hazina aiandike kwenye ukurasa wake peke yake, isichanganywe na ile ya mbuzi, maanake pesa ya mbuzi hula kila kitu kilicho karibu nayo.

Nenda ukaone

Kabla ya kununua, watu wawili waende kwa kila mzee. Wasiende na daftari, mzee akiona daftari atafikiri mnaandika watu wa msaada, na kesho kijiji kizima kitakuwa mlangoni kwa mwenyekiti. Waende tu kusalimu. Wakae.

Tena wasiulize, "Mzee, unataka tukupe nini?" Mzee mwenye adabu atajibu kwamba hataki kitu, kuja kwenu kunatosha. Yule mcheshi atasema anataka ng'ombe wa maziwa. Majibu yote mawili hayasaidii. Macho ndiyo yaulize. Angalia miguu: je, imepasuka kwa baridi? Angalia jiko: kuni zipo, au anachoma magunzi? Anatembea na fimbo gani? Usiku anaona kwa taa gani? Maji yanatoka wapi, na ni nani anayeyapanda nayo mlima? Ana meno? Je, kuna mtoto anayelala naye nyumbani, au yuko peke yake?

Kutoka kwa ziara hizo ndipo zawadi huzaliwa. Tumewahi kumtembelea bibi mmoja aliyekuwa na mablanketi manne, yote ya kupewa, kutoka mikutano minne. Mawili yalikuwa bado kwenye karatasi. Alichokosa ni mtu wa kumrekebishia mlango, maana upepo ulikuwa unaingia hata kama angejifunika kumi.

Vitu ambavyo tumeona vinafaa

Unga wa wimbi hauna mpinzani. Mzee asiye na meno anakunywa uji, mzee mgonjwa anakunywa uji, na wimbi ni chakula chetu tangu zamani, hakuna wa kumfundisha namna ya kukipika. Nunueni wimbi wenyewe kwa gorogoro wakati wa mavuno bei ikiwa chini, mpepete, mtoe mawe, mkaushe vizuri juani, kisha mpeleke kwa posho mili wiki ile ile ya karamu. Unga uliosagwa mapema unaingia wadudu, na nafaka iliyokaa na unyevu inafanya ukungu ambao ni sumu. Kilo mbili za unga, kwa mzee mmoja anayekunywa kikombe kila asubuhi, zinaweza kumfikisha mwezi au zaidi.

Sukari tunaisemea polepole kwa sababu tunajua mnaipenda. Kilo ya sukari ndiyo zawadi ya kwanza ambayo kila kamati huifikiria. Lakini wazee wengi sasa wana ugonjwa wa sukari, na wengine hawajui kwamba wanao. Kumpa mgonjwa wa sukari kilo nzima, mbele ya watu wakipiga makofi, ni kumtuma akajiumize. Uji unaweza kutiwa ndizi mbivu kidogo iliyopondwa badala yake, na hata hiyo ndizi, kwa aliyeambiwa na daktari ajihadhari, iwe kwa kipimo.

Majani ya chai pia yana maneno. Mtu wa Kebirigo au Nyansiongo ambaye shamba lake ni chai, ukimpa pakiti ya majani unamchekesha. Halafu kumbukeni majirani zetu Wasabato, ambao ni wengi sana katika kaunti zote mbili, Kisii na Nyamira. Wengi wao hawanywi chai ya majani wala kahawa. Karamu ni ya kijiji, si ya parokia pekee, kwa hivyo zawadi iwe ile ambayo Msabato, Mkatoliki na mtu wa Pentekoste wote wanaweza kufika nayo nyumbani bila kujificha.

Bakora. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ni zawadi ambayo haigharimu karibu chochote na hufanywa vibaya. Kijana wa kikundi anayejua kazi ya mbao anaweza kuchonga bakora kutoka mti mgumu uliokauka. Shida ni kwamba huchonga zote kwa urefu mmoja, kama anatengeneza miguu ya meza. Bakora hupimwa kwa mwenyewe. Mzee asimame wima akiwa na viatu anavyovaa kila siku, mikono ining'inie. Pima kutoka sakafuni hadi pale kwenye kifundo cha mkono, mahali saa huvaliwa. Hapo ndipo kichwa cha bakora kifike. Ikiwa ndefu kuliko hapo bega linapanda, ikiwa fupi mgongo unainama. Chini ifungwe kipande cha mpira wa tairi kuukuu, kikazwe kwa tyubu, ili isiteleze kwenye sakafu ya simiti au jiwe lenye maji. Na mwonyesheni mzee kwamba bakora hushikwa mkono wa upande wa mguu mzima, si upande wa mguu mbaya. Wengi hufanya kinyume. Wengine hutembea na mwavuli badala ya bakora, na mwavuli ni mzuri kwa mvua tu, ukiegemewa unavunjika.

Soksi za mitumba zinauzwa kwa bei ndogo na miguu ya wazee inazihitaji, sana sana kule juu Nyamira ambako asubuhi ni baridi kweli. Chagueni zile zisizobana juu. Kama mpira wake ni mkali, kateni kidogo, maana miguu ya mzee huvimba jioni. Pamoja na soksi, kopo dogo la mafuta ya mgando kwa nyufa za visigino. Malapa ya plastiki hapana. Yanateleza.

Akina mama wengi mnafuma vitambaa vya viti. Vitambaa hivyo ni vizuri, lakini mzee mwenye kiti kimoja hahitaji kitambaa cha kiti. Uzi ule ule ungemtosha kofia ya kulalia. Kichwa cha mzee hupoteza nywele na kushika baridi, na kofia iliyofumwa na mtu anayemjua huvaliwa mpaka iishe.

Leso ni zawadi inayopendwa na kila bibi, na leso moja inaweza kukatwa kutoka jozi ili bei ipungue. Lakini someni maandishi. Leso ilitoka Pwani, na huko Pwani leso husema: yale maneno yaliyochapwa chini ni ujumbe, na mengi ni mafumbo ya kumsuta jirani mwenye wivu au mke mwenza. Tumewahi kuona bibi wa miaka zaidi ya themanini amejifunga kanisani leso yenye maneno makali ya kumtukana mwizi wa mabwana. Yeye hasomi. Wajukuu wake walikuwa wanasoma, na wanacheka. Chagueni yenye maneno ya baraka au ya shukrani kwa mama. Leso, fulana na kofia zenye picha za wanaotafuta kura zisikaribie meza yenu, hata kama zimeletwa bure.

Tochi ni nzuri, lakini kila mwezi inadai mawe mapya, na mzee ambaye hana pesa ya mawe anabaki na chuma cha kuangalia. Kama mtanunua taa, afadhali ile ndogo ya sola, mkiweza, kwa wale wanaoishi peke yao. Chupa ya chai nayo, ile ya kuhifadhi moto, humsaidia sana mtu asiyeweza kuwasha jiko mara tatu kwa siku. Ni ghali kuliko shilingi 200, kwa hivyo hatusemi ipewe wote.

Vikundi vyenye kitalu vinaweza kutoa mbegu za chinsaga na managu, zilizokaushwa na kufungwa kwenye karatasi. Chinsaga hukua haraka, kwa wiki chache unaanza kuchuma, na kitanda kidogo nyuma ya jikoni kinatosha. Lakini kitanda hicho kilimwe na vijana wa kikundi. Kumpa mzee wa mgongo uliopinda mbegu bila jembe la mtu ni mzaha. Kuku ni zawadi nzuri pia mahali ambapo kuna mtu wa kumfungia usiku. Mahali ambapo hakuna, mmempa mwizi.

Vinyago vya mawe ya Tabaka viacheni kwa wageni wa kutoka mbali.

Na pesa taslimu ndani ya bahasha? Tunasema hapana, si kwa sababu mzee hajui kutumia pesa. Ni kwa sababu bahasha ikitangazwa hadharani, kuna mjukuu fulani anayemsindikiza bibi siku hiyo kwa upendo ambao hajawahi kuuonyesha. Kama mnataka kumsaidia mzee kwa pesa, angalieni kama ameandikishwa Inua Jamii. Tangu mwaka 2018 mpango huo wa serikali unawalenga wazee wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi, ingawa mara nyingi huchelewa. Wako wazee wanaokosa kwa sababu tu kitambulisho kimepotea na hakuna wa kuwapeleka ofisini. Kumpeleka mzee na kumrudisha, nauli juu ya kikundi, ni zawadi inayorudi kila mwezi. Akishapata kitambulisho, mshonee kijifuko cha kitambaa chenye kamba ya shingoni.

Chinsoni

Hakuna haja ya kuwafundisha Abagusii chinsoni. Lakini kamati hizi mara nyingi zinaongozwa na vijana waliosoma, na ni rahisi kusahau. Kati ya mzazi na mtoto, kati ya mkwe na mkwe, kuna mambo ambayo hayatajwi na hayaonyeshwi. Sasa fikirini: mwenyekiti wa miaka thelathini na tano anamwita mbele mzee wa rika la baba yake, anamkabidhi nguo za ndani, na mpiga picha anasema tabasamuni. Mzee huyo hatarudi tena kwenye karamu yenu.

Nguo za ndani wazee wanazihitaji, tena sana. Wako pia wasioweza kuzuia mkojo, wanaohitaji vitambaa na sabuni zaidi ya wengine, na hawatasema. Hayo yapelekwe nyumbani siku za kabla ya karamu, bila neno, na mtu wa rika lao: bibi kwa bibi, mzee kwa mzee. Si mke wa mtoto wake.

Kwa zile zawadi za mezani, wajukuu ndio wakabidhi. Kati ya sokoro na mjukuu, au magokoro na mjukuu, utani unaruhusiwa. Bibi anaweza kumwita kijana wa miaka kumi mume wake, akalalamika mbele ya watu kwamba zawadi ya mume ni ndogo, na kila mtu akacheka. Mtoto aseme jina la mzee, ampe kwa mikono miwili, wasalimiane. Hakuna hotuba hapo. Anayetaka kuhutubia angoje.

Picha pia zina mashaka. Bibi mmoja alituuliza, alipoona kamera, kama ndiyo ile picha ya kuwekwa juu ya jeneza. Mkipiga, pigeni anapokula na kuzungumza na wenzake, kisha msafishe picha mjini na kumletea. Hiyo ataitundika ukutani. Ile ya mkono unaopokea paketi ni picha ya kikundi, si yake.

Zilingane au zitofautiane?

Swali hili linaleta ugomvi kila mahali. Ukimpa mmoja chupa ya chai na mwingine soksi, wazee wataangaliana, na nyumbani kutakuwa na maswali. Ukiwapa wote sawa, mwenye mablanketi manne anapata la tano.

Njia iliyofanya kazi katika vikundi tulivyovitembelea ni hii. Mezani vitu vilingane kwa macho: kila mzee kikapu kimoja, au ekee ndogo kama kuna mama anayejua kuisuka, ndani yake unga na kitu kimoja kilichochaguliwa kwa ajili yake, cha bei iliyo karibu na cha mwenzake. Bakora, kofia, soksi na mafuta, leso: hivyo vinaweza kutofautiana na hakuna atakayenung'unika sana. Vile vya bei zaidi, taa na chupa, vipelekwe nyumbani siku nyingine kwa anayeishi peke yake. Mifuko ya plastiki mnajua ilipigwa marufuku mwezi wa Agosti 2017, na hata bila marufuku, kikapu hubaki kufanya kazi baada ya unga kuisha.

Zawadi ya mikono

Babu zetu walikuwa na egesangio na risaga. Watu walikutana kwenye shamba la mmoja, wakalima, wakaenda kwa mwingine. Siku hizi kazi hiyo tumeigeuza kuwa mchango wa pesa, na wazee wameachwa nje, kwa sababu hawana pesa ya kuingia kwenye mzunguko wala nguvu ya kulipa kazi kwa kazi.

Sisi tunaona hapa ndipo zawadi iliyo rahisi kuliko zote na nzuri kuliko zote ilipo. Kikundi kimpe kila mzee siku ya kazi. Watu watano, asubuhi moja: kupasua kuni za mwezi mzima, kuziba paa, kuweka mti wa kushikilia chooni ili anapoinuka asianguke, kuchimba ngazi kwenye ule mteremko wa kisimani, kurekebisha mlango kama wa yule bibi wa mablanketi. Tarehe iandikwe kwenye karatasi nzuri, iwekwe ndani ya kikapu, na mtoto aisome kwa sauti siku ya karamu ili kijiji kizima kiisikie. Kwa nyumba za Wasabato isiwe Jumamosi.

Lakini msiandike tarehe ambayo hamtaitimiza. Mzee ataamka alfajiri siku hiyo, atafagia uwanja, atachemsha maji, atakaa mlangoni. Tunajua nyumba ambayo kikundi hakikuja. Mzee aliingoja siku hiyo, akaingoja na wiki iliyofuata, akifikiri labda amekosea tarehe. Ni heri soksi.

Faida nyingine ya siku ya kazi ni kwamba watu wanafika kwake. Wanakaa uwanjani pake, wanakunywa maji yake. Na hilo linatuleta kwa jambo ambalo hatungeliandika kama lisingekuwa la lazima.

Yule ambaye jina lake halikuandikwa

Kila kamati ina orodha ya wageni. Na katika vijiji vingine kuna mzee mmoja, mara nyingi mama, mara nyingi mjane, ambaye mkisoma orodha jina lake halimo, na hakuna anayeuliza kwa nini. Wote wanajua kwa nini. Kuna maneno juu yake.

Maneno hayo yameua watu hapa kwetu. Mwezi wa Mei 2008 watu 11, wengi wao wakongwe, walichomwa moto huku Gusii kwa kushukiwa uchawi. Mwezi wa Oktoba 2021 akina mama wanne wazee waliuawa kule Marani kwa maneno hayo hayo. Mara nyingi ukichimba chini ya maneno unakuta shamba: mtu anataka kipande cha ardhi ambacho mjane anakikalia. Na mara nyingi unakuta kwamba kabla ya moto kulikuwa na miaka ambayo hakuna mtu aliyeketi kwake, hakuna aliyekula chakula chake, watoto waliambiwa wasipite njia yake. Mtu akishakuwa peke yake namna hiyo, hakuna wa kusimama mlangoni siku kundi linapokuja.

Kwa hivyo andikeni jina lake. Zungumzeni kwanza na watu wa nyumba yake na mzee wa kijiji. Mtu wa kikundi aende kumchukua nyumbani na kumrudisha. Akalishwe katikati ya wenzake, si mwisho wa benchi. Zawadi yake ifanane na za wenzake, itoke juu ya meza ile ile, wazi, kila mtu akiona ni nini. Kumpelekea kitu kwa siri usiku hakumfai, kunaongeza maneno. Na siku yake ya kazi iwe ya kwanza kwenye orodha, watu watano waonekane mchana wakipasua kuni kwake.

Kama tayari kuna vitisho, msingoje karamu. Nendeni kwa chifu na polisi siku hiyo hiyo, mkiwa wengi, na mwambieni katekista na padre.

Halafu kuna hili. Wazee wetu hawaji mikono mitupu. Mmoja ataleta mayai mawili, mwingine ndizi mbivu, mwingine kibuyu cha maziwa. Kamati nyingine husema, "Aa, magokoro, leo wewe ni mgeni, rudi na vyako." Wanafikiri ni heshima. Lakini mnakumbuka Bwana Yesu alivyomwangalia yule mjane kwenye sanduku la sadaka. Hakumwambia arudi na senti zake. Pokeeni. Wekeni mezani. Na kama yule mama wa maneno ameleta ndizi zake, mwenyekiti, wewe mwenyewe umenya moja uile pale pale, watu wakikuangalia, kisha umpe katibu. Haitachukua dakika mbili.

Maswali ya kujadiliana

Katika kijiji chetu wazee wanaoishi peke yao ni wangapi? Tuwataje kwa majina sasa hivi, kabla ya kufunga mkutano. Ni nani kati yao ambaye hakuna mtu hapa aliyeingia nyumbani kwake mwaka huu?

Tukianza wiki hii kutoa shilingi 10, siku ya karamu tutakuwa na ngapi, na kila mzee atapata kiasi gani?

Nani atapima bakora, nani atafuma kofia, nani atakwenda kusagisha wimbi? Waandikwe.

Siku za kazi tutakazoahidi ni zipi, na ni watu gani watano kwa kila siku? Katibu asome majina hayo tena katika mkutano wa baada ya karamu, na aulize kila mmoja kama alikwenda.